Chandarua cha Mpole

Vimelea vya malaria havina subira. Ukichelewa kuvilisha vinakufa, tena vinakufa kwa kisirani, kama kwamba vilikuwa vinangoja tu ukosee. Hayo Kelele aliyajua siku ya kwanza alipoingizwa katika chumba cha joto cha maabara, akaonyeshwa chupa bapa zilizolala ndani ya kabati, kila moja na maji ya rangi ya waridi, na chini yake damu imetulia kama zulia jembamba.

"Hawa ndio wageni wetu," Profesa alimwambia. "Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa hawalimi. Kazi yao kula damu, na kazi yako kuwapakulia."

Basi Kelele akawa mpishi wa vimelea. Alikuwa na jina lake la vyeti, limeandikwa kwenye kitambulisho kifuani, lakini siku moja simu yake ilijifungulia spika mbele ya watu na sauti ya mama yake ikajaa maabara nzima: "Kelele! Umekula?" Tangu hapo hata Profesa hakumwita vingine. Wote waliona ni utani mzuri, kwa sababu binti mwenyewe alikuwa mtu wa kunong'ona. Akitaka chumvi mezani, aliitazama tu mpaka mtu amsogezee.

Chumba kile kilikuwa na joto la mwili wa mtu, halizidi wala halipungui, na mashine yake ilivuma sauti moja kutwa nzima. Ukikaa humo muda mrefu kope zinakuwa nzito. Kelele hakusinzia, angethubutu vipi na chupa mkononi? Ila mawazo yake yalilegea, yakaenda yalikotaka, na mara nyingi yalikwenda kwa Mpole.

Mpole alikuwa pacha wake wa kiume. Kelele alitangulia kuzaliwa kwa vilio, na mwenzake akafuata kimyakimya, kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewa. Hawajatimiza miaka miwili, ukaja msimu wa mvua uliojaza maji kila kopo na kila mtaro, na mbu wakazaana kama waliotumwa. Baba yao alikuwa ameshafariki. Kliniki ikagawa vyandarua, kimoja kwa kila mama. Walihesabu akina mama, hawakuhesabu watoto, na hakuna aliyefikiria mwenye mapacha atafanyaje. Chenyewe kilikuwa kidogo, cha kitanda cha mtoto, duara juu na pindo la buluu chini. Mama alijaribu kuwalaza humo wote wawili. Kelele akapiga mateke mpaka pindo likachomoka, na kulipokucha mbu walikuwa ndani, wameshiba, hawawezi hata kuruka. Ikambidi achague.

Akamchagua aliyekuwa analia. Nani angefanya vingine? Kelele alikuwa anachemka homa na kulia mpaka sauti inakauka, wakati Mpole alilala tu kwenye kijitanda chake, ukimgusa anatabasamu. Mama akaona anayelia ndiye anayeliwa. Akatundika chandarua juu ya Kelele na kuchomeka pindo chini ya godoro pande zote. Siku chache baadaye Kelele alinyamaza na kuomba maziwa. Mpole, ambaye hakuwahi kulalamika hata mara moja, alishikwa na degedege alfajiri, na jua lilipotoka hakuwapo tena.

"Hiki ndicho kilichokuokoa," mama alimwambia tangu alipoanza kuelewa maneno. Hakukitupa chandarua kile. Alikuwa fundi cherehani, na kila kilipotoboka alikitia kiraka kwa mkono, mishono midogo ambayo hata nguo za maharusi hazikuipata. Kila Kelele alipokuja nyumbani, mama alikitundika juu ya kitanda chake, japokuwa sasa kilimfunika kichwa hadi kiunoni na miguu yote ikabaki nje, mbu wajichagulie. Chandarua kikubwa kipya ambacho Kelele alimnunulia mama yake kilikuwa kabatini, bado kimo ndani ya mfuko wake. Hicho kilikuwa cha wageni.

Kelele alicheka na kulala hivyohivyo, miguu nje. Alijua kwamba mama hashoni kitambaa. Mama alikuwa na watoto wawili akamwokoa mmoja, na ushahidi wa kumwokoa huyo mmoja ulikuwa pale, unafuliwa na kuanikwa. Na Kelele naye alikuwa na lake moyoni. Alipewa kwa sababu alilia. Ndiyo maana alipokua aliacha kupaza sauti.

Sasa, katika maabara yoyote inayofuga vimelea kuna kanuni moja ambayo haihitaji kubandikwa ukutani: usivilishe damu yako mwenyewe. Vikishazoea damu yako na kwa bahati mbaya sindano ikikuchoma, utakuwa umefuga nyoka ndani ya shati. Kelele aliijua kanuni hiyo vizuri. Lakini wiki ile mvua ilikata barabara, gari la benki ya damu halikufika, na jokofuni ulibaki mfuko mtupu. Alizitazama chupa zikififia. Alikuwa amezilea muda mrefu, na mtu akilea kitu, hata kiwe adui, kinamwingia.

"Nitoe mimi," alimnong'oneza mwenzake wa meza ya pili, mwanamke ambaye wote walimwita Shangazi kwa kupenda kwake kukosoa. "Kundi langu ni O."

"Kundi lako ni wazimu," Shangazi alijibu, lakini tayari alikuwa anatafuta mshipa. "Ukifa usinijie ndotoni."

Kelele akaosha damu yake kama inavyooshwa ya mtu mwingine yeyote, akazigawia chupa zote sawasawa, akaenda nyumbani na usingizi mwepesi. Aliota yuko chini ya kitambaa cheupe, na upande wa pili wa kitambaa kuna mtu mdogo anapumua.

Alipoweka tone chini ya darubini siku iliyofuata, alidhani macho yake yana ukungu. Chembe nyekundu zilikuwa nzima, duara, safi, hakuna aliyehamia. Vimelea vilikuwa nje. Vidoa vidogo vya zambarau vimeganda kwenye kuta za chembe, kama wapangaji waliorudi jioni wakakuta kufuli limebadilishwa. Siku iliyofuata vilikuwa vichache zaidi, na ile ya baadaye hapakuwa na kitu. Damu yake ilikuwa inang'aa ndani ya chupa kimya kabisa.

Alikwenda kwa Profesa mwenyewe. Profesa alikuwa na tabia ya kuvua miwani na kuifuta akikasirika, na siku hiyo aliifuta mpaka Kelele akaogopa kioo kitaisha. Mbegu za vimelea zilikuwepo nyingine, zimegandishwa. Si kwamba kazi yote ilikuwa imepotea. Lakini kanuni ni kanuni.

"Onyo nitakuandikia," alisema mwishowe, akairudisha miwani. "Ila hebu kwanza nionyeshe hiyo damu."

Kazi ya kuielewa damu hiyo iliwachukua majira mazima ya kiangazi. Kelele alikuwa mtafiti na mtafitiwa, anajitazama mwenyewe kwa jicho moja kupitia kioo. Kidogokidogo jambo likajitokeza. Juu ya ngozi ya kila chembe nyekundu kuna protini zilizochomoza, na kimelea huzishika kama mtu anavyoshika kitasa, kikasukuma, kikaingia. Ndani ndimo maficho yake. Humo askari wa mwili hupita karibu bila kukiona. Protini moja ya Kelele ilikuwa imeumbwa tofauti kidogo, na ngozi ya chembe zake ilikuwa imekaza kuliko za watu wengine. Kimelea kilishika kitasa na kitasa hakikuzunguka.

"Sasa angalia hapa," Profesa alisema siku walipotia chembe zake nyeupe katika chupa ileile. Alikuwa ananong'ona bila kujua, ameambukizwa na binti. "Askari wako si hodari kuliko wa wengine. Nimewapima, ni wa kawaida kabisa. Ila mwizi amekwama mlangoni, basi wanamwona. Wanammeza, na wanapiga yowe mapema, kabla hajazaana. Yowe lenyewe ndilo homa. Mtu mwenye damu hii, tangu utotoni, akiumwa na mbu atachemka upesi, atalia sana, halafu atapona. Aliye taabani ni yule ambaye damu yake inawafungulia wote. Huyo hukaa kimya siku nyingi, askari wake hawajui kama nyumba imeshajaa. Wakija kuamka wamechelewa, na huamka wote kwa pamoja, wakavunja hata vyombo vya nyumbani."

Kelele aliinua uso kutoka kwenye darubini.

"Hata bila chandarua?" aliuliza.

"Nini?"

"Mwenye damu hii. Angepona hata bila chandarua?"

"Mara nyingi, ndiyo," alisema Profesa, aliyekuwa hajui kitu, na uso wake ulijaa furaha ya mtu aliyetafuta muda mrefu. "Tunahitaji damu ya mama yako, tujue imetoka upande gani. Lakini sikiliza. Lazima umweleze kwa nini unaichukua, kwa lugha anayoielewa, mpaka yeye mwenyewe aweze kukueleza wewe. Akikataa, amekataa. Kanuni moja umeshaivunja. Hii usiivunje."

Kelele alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Uso aliuona wa mama yake, umeinamia mishono. Akimweleza ukweli wote, mama atajua kwamba chandarua alimpa mtoto ambaye hakukihitaji, na aliyekihitaji alikuwa kimya, hatua mbili kutoka hapo, anatabasamu. Mwanamke yule alikuwa amesimama juu ya ubao mmoja maisha yake yote, na binti yake alikuwa ametumwa aende kuuvuta.

Safari ya kwenda nyumbani ilikuwa ndefu na ya joto, na alisinzia kichwa kikigonga dirisha. Akajikuta anatembea ndani ya damu yake mwenyewe, barabara nyekundu yenye uvuguvugu, nyumba za duara pande zote mbili, milango imefungwa. Alitembea mpaka barabara ikageuka kuwa nyingine inayofanana nayo, ila humo milango ilikuwa wazi yote. Mpole alikaa kizingitini. Kila aliyepita alipougusa mlango, ulifunguka, naye Mpole akasogea kumpisha. "Karibu," alisema, "karibu," kwa ile sauti ambayo Kelele hakuwahi kuisikia, kwa maana mwenye nayo alikufa kabla ya kujua kusema. Alikuwa mpole mpaka kwenye damu. Kelele aliamka na shavu limelowa, na abiria wa jirani akajifanya anatazama nje.

Mama alikuwa kwenye cherehani yake karibu na dirisha, pini mdomoni. Alizitoa moja moja kabla ya kusalimiwa.

"Umekonda. Hao wadudu unawalisha wewe, na wewe nani anakulisha?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa. Hicho kijisanduku cha barafu cha nini? Umeniletea samaki?"

"Nimekuja kukuomba damu, mama."

Mama akacheka mpaka akashika kifua. "Watoto wa wenzangu wakija wanaomba nauli! Haya. Ni ya kupima sukari?"

Mlango wa uongo ulikuwa huo, umefunguliwa na mama mwenyewe, na Kelele hakuhitaji hata kusema neno. Kutikisa kichwa tu kungetosha. Alimwona mama yake ameshakunja mkono wa gauni, mkono mwembamba wenye alama za pasi, umenyooshwa bila swali. Uongo ulimfika kabisa kwenye ulimi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku hiyo ilionekana ndefu na ya kivuli.

"Si ya sukari," alisema.

Akamweleza. Alitumia vitasa na milango, kama Profesa, kisha akaviacha akatumia vitambaa, kwa sababu mama aliishi katika vitambaa: kwamba kuna kitambaa sindano inapita, na kuna kingine kimefumwa kwa kukazwa, sindano inateleza juu yake, na wakati inateleza mwenye nyumba anaiona na kupiga kelele. Alieleza askari, na homa inayokuja mapema. Hakumtaja Mpole. Kanuni haikusema amtaje, na hapo ndipo alipojiibia.

Mama alisikiliza mikono juu ya mapaja. Cherehani ilikuwa imeshika nguo ya mtu nusu mshono.

"Sasa nifanye nini?"

"Sasa unieleze wewe," Kelele alinong'ona. "Ndiyo kanuni. Nijue kama umeelewa."

"Kama shuleni." Mama aliitazama sakafu. Alianza taratibu, anapima kila neno kama anavyopima kiuno cha mteja. "Unasema wewe ulizaliwa na damu iliyokazwa. Mdudu akija haingii. Anabaki nje, mwili unamwona, unapiga kelele. Ndiyo maana ulikuwa unalia vile."

"Ndiyo, mama."

"Na mwenye damu laini, mdudu anaingia kimya. Mwili hauoni. Mtoto analala tu." Nje mtu alikuwa anaburuta kiti kwenye saruji, na wote wawili wakangoja sauti hiyo iishe. "Kwa hiyo aliyekuwa analia hakuwa yeye anayekufa."

Kelele alikishika kifuniko cha kijisanduku.

"Na chandarua nilimpa anayelia."

"Mama."

"Nimeeleza vizuri?"

Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni mwa Kelele. "Umeeleza vizuri."

"Basi chukua damu yako." Mama alinyoosha mkono. Kelele ilimbidi autafute mshipa mara mbili, yeye ambaye kazini walimsifu kwa mkono mwepesi. Damu ikapanda ndani ya bomba, nyeusi kidogo, ya kawaida kuitazama. Mama aliiangalia ikijaa.

"Ningempa yeye, angepona?"

"Sijui, mama."

"Hujui au hutaki kusema?"

"Sijui. Chandarua chenyewe kilikuwa kidogo, pindo linachomoka. Labda alikuwa ameshaumwa na mbu kabla hujakileta. Labda angepona. Hakuna anayejua, hata Profesa."

"Maji yakimwagika hayazoleki," mama alisema, akabonyeza pamba juu ya tundu la sindano. Kisha akarudi kwenye cherehani na kuumalizia mshono ule, kwa sababu mwenye nguo angekuja kuichukua jioni, na jioni alikuja kweli, akaipokea, akasifu.

Walikula bila maneno mengi. Mvua ikaanza. Kelele aliingia katika chumba chao cha zamani, chenye vitanda viwili: chake karibu na dirisha, na kile kijitanda cha Mpole ukutani, ambacho tangu ajue kuona kilikuwa mahali pa kurundika nguo zilizokunjwa. Akajilaza. Mama akaingia na chandarua mkononi, na Kelele, kwa mazoea, akasogea kumpa nafasi ya kuchomeka pindo.

Mama akampita.

Aliinua nguo kutoka kwenye kijitanda, rundo moja, kisha jingine, akaziweka juu ya kiti. Akalipangusa godoro kwa kiganja. Akapanda juu ya kigoda, na kwa kuwa ukuta ule haukuwa na msumari aliufunga uzi kwenye boriti kwa fundo la fundi, akashuka, akakiachia kitambaa kianguke. Kilitosha. Kelele hakuwahi kukiona kikitosha kitanda chochote. Kilishuka pande zote mpaka chini, pindo la buluu likagusa sakafu, na hakuna kilichobaki nje. Mama akapiga magoti na kuchomeka pindo chini ya godoro, upande wa kichwani, upande wa ukutani, upande wa miguuni, bila haraka, akarudi mahali ambapo hakuridhika, akachomeka tena.

"Lala sasa, baba," alisema.

Mbu wa kwanza akaja akiimba sikioni mwa Kelele. Akatua mkononi, naye akamwacha anywe. Alikuwa anatazama kile kitambaa cheupe kilichosimama ng'ambo ya chumba, viraka vyake vyote, kimya ndani yake. Akalia, si kwa kunong'ona. Alilia kwa sauti kubwa, mdomo wazi, mpaka mvua haikusikika, kama alivyolia msimu ule.

Mama aligeuka pale alipopiga magoti. Mikono yake ilikuwa mitupu. Akaja nayo hivyohivyo.